Kupiga Goti Mbele ya Ekaristi: Hatua, Chanzo na Maana

Goti la kulia linaloshuka hadi kugusa sakafu ni tendo la kuabudu, na liturujia ya Kirumi imelitengea nafasi mbili tu. Hupigwa mbele ya Ekaristi Takatifu, yaani Mwili wa Kristo katika umbo la mkate, iwe imehifadhiwa katika tabernakulo (kisanduku chake maalumu kanisani) au imewekwa wazi katika monstransi (chombo cha kuionyeshea). Hupigwa pia mbele ya Msalaba, tangu ibada ya kuuabudu siku ya Ijumaa Kuu hadi Mkesha wa Pasaka unapoanza. Heshima nyingine zina namna zake: altare, meza ya Misa, huinamiwa, askofu huinamiwa, jina la Yesu huinamishiwa kichwa. Sanamu ya mtakatifu haipigiwi goti hili, hata iwe nzuri kiasi gani na izungukwe na mishumaa mingi.

Kwa hiyo kabla ya kujua namna ya kushuka, jua kwanza unayemshukia yuko wapi.

Tafuta tabernakulo

Kosa linaloonekana zaidi makanisani hutokea kabla mguu haujasogea. Mtu anaingia, anafika kwenye benchi lake, anashuka akielekea katikati ya kanisa kwa sababu ndivyo alivyozoea, kumbe tabernakulo iko upande wa kushoto, au iko katika kikanisa cha pembeni ambacho amekipita mlangoni bila kukitupia jicho.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, kitabu cha kuadhimishia Misa, yanaruhusu tabernakulo iwekwe katika eneo la altare, kando na altare inayoadhimishiwa Misa, au katika kikanisa kinachofaa kwa sala ya mtu binafsi na kinachounganika na kanisa kubwa. Usikisie. Angalia taa. Kanuni ya 940 ya Sheria za Kanisa inataka taa maalumu iwake daima mbele ya tabernakulo yenye Ekaristi, na Maelekezo yanataja taa ya mafuta au ya nta. Rangi nyekundu ni desturi tu. Taa nyeupe ina maana ile ile.

Ukiona taa inawaka katika eneo la altare, piga goti kuielekea tabernakulo yenyewe, hata kama iko pembeni na inakubidi ugeuke kidogo. Ikiwa Ekaristi iko katika kikanisa cha pembeni, nenda ukasali hapo kwanza au angalau piga goti unapopita mbele yake, kisha ukifika kanisani inamia altare kwa kina, yaani kutoka kiunoni. Ikiwa tabernakulo imeachwa wazi na taa imezimwa, Ekaristi haipo. Inamia altare, inatosha.

Hatua za mwili

Tendo lote huchukua kama sekunde nne hivi. Chini ya hapo huwa ni kuchuchumaa kwa haraka. Likizidi sana, walio nyuma yako wanaanza kubanana njiani.

1. Simama kabisa. Usianze kushuka ukiwa bado unatembea. Geuza mwili wote uelekee tabernakulo, si shingo peke yake, na uweke miguu pamoja.

2. Unganisha viganja kifuani. Ukiwa umeshika kitabu au mtoto, mkono mmoja ulio huru ukae kifuani. Weka mkoba chini au uning'inize begani kwa namna ambayo hautakuvuta upande mmoja.

3. Rudisha mguu wa kulia nyuma kiasi cha urefu wa unyayo wako mmoja. Mguu wa kushoto unabaki ulipo, kisigino chake kikiwa kimelala sakafuni. Uzito wote ubebwe na mguu huo wa kushoto.

4. Shuka wima. Kunja magoti yote mawili kwa pamoja mpaka goti la kulia liguse sakafu karibu na kisigino cha kushoto. Vidole vya mguu wa kulia vinabaki vimekunjwa vikikanyaga chini. Mgongo umenyooka, kichwa kimesimama, macho kwenye tabernakulo.

5. Gusa, na useme neno moja moyoni. Maneno ya Tomaso katika Injili ya Yohane 20:28 yanafaa kuliko mengi: "Bwana wangu na Mungu wangu." Ni mafupi kiasi cha kutimia goti likiwa chini.

6. Inuka kwa nguvu ya paja la kushoto, rudisha mguu wa kulia mahali pake, simama wima, ndipo uingie kwenye benchi.

Kichwa hakiinamishwi wakati wa kupiga goti moja. Wengi huongeza kuinama wakidhani wanaongeza heshima, lakini kuabudu kumeshatimia kwa goti. Tena, kichwa kikienda mbele mgongo hufuata, uzito hutoka kwenye kisigino cha kushoto na kuhamia vidoleni, na hapo ndipo mtu huyumba na kushika benchi.

Ishara ya msalaba nayo haimo katika tendo hili. Mahali pake ni mlangoni, pamoja na maji ya baraka. Wapo wanaozichanganya, mkono ukikimbia kutoka paji la uso hadi begani wakati goti linashuka, na matokeo yake yote mawili yanafanyika nusu nusu. Mwenye kupenda kufanya ishara ya msalaba hapo hatendi dhambi, ila aimalize akiwa amesimama, ndipo ashuke.

Yanayoharibika, na sababu zake

Goti lisilofika chini. Hili ndilo kubwa. Mtu anakunja miguu kidogo, mwili unadunda, tayari ameketi. Mara nyingi sababu ni kuanza kushuka akiwa anatembea, au miguu kuwa sambamba: bila kurudisha mguu wa kulia nyuma, goti halina nafasi ya kushuka. Kwa mwenye afya, goti ambalo halijagusa sakafu halijapigwa.

Kuyumba. Mguu wa kulia umerudishwa karibu mno, au umewekwa kwenye mstari mmoja na wa kushoto. Acha upana wa kiganja kati ya mistari ya miguu yako miwili.

Kunasa chini. Mguu umekwenda mbali mno nyuma, paja la kushoto halina nguvu ya kukuinua. Punguza hatua.

Kukanyaga vazi. Kanzu au gauni refu hubanwa chini ya goti la kulia, na ukijaribu kuinuka linakuvuta. Kabla ya kushuka, shika kitambaa kwa mkono wa kushoto usawa wa paja, kivute juu kidogo, kisha shuka.

Goti la kushoto. Si kosa la kumnyima mtu usingizi, lakini Maelekezo yanasema la kulia, na watu wakifanya pamoja tofauti huonekana mara moja. Mwenye goti la kulia bovu atumie la kushoto kwa amani.

Kupiga goti kwenye ngazi. Wahudumu wa altare washukie sakafu tambarare, unyayo mmoja kabla ya ngazi ya kwanza. Mguu wa kushoto ukiwa juu ya ngazi na wa kulia chini, hakuna anayeweza kushuka wima.

Kuna pia goti ambalo mwili unalipiga vizuri na moyo haupo. Injili ya Mathayo 27:29 inaonyesha askari waliompigia Yesu magoti wakiwa wamemvika taji ya miiba, wakimdhihaki. Kwa mwili, hawakukosea chochote. Ndiyo maana hatua ya tano isiachwe.

Lini, ndani na nje ya Misa

Mwamini hupiga goti anapoingia kanisani na anapotoka, na kila anapopita mbele ya Ekaristi nje ya maandamano. Wakati wa maandamano ya kupokea Komunyo hakuna kupiga goti mbele ya tabernakulo. Kuhusu kupokea kwenyewe, fuata utaratibu uliowekwa na Baraza la Maaskofu la mahali ulipo, na ukitaka kupokea ukiwa umepiga magoti, maagizo ya Redemptionis Sacramentum ya 2004 yanakulinda: mwamini hanyimwi Komunyo kwa sababu tu anataka kuipokea akiwa amepiga magoti au amesimama. Kinachosumbua ni goti la ghafla linalopigwa hatua moja kabla ya kumfikia padri, kwa sababu aliye nyuma hana habari, na huanguka juu yako. Ukitaka kulifanya, acha nafasi.

Padri hupiga goti mara tatu katika Misa: baada ya kuinua Hostia (mkate uliogeuzwa), baada ya kuinua kalisi (kikombe cha divai), na kabla ya Komunyo. Waamini wakati wa mageuzo, yaani mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, huwa wamepiga magoti yote mawili. Wale ambao hawawezi, kwa ugonjwa, kwa kukosa nafasi au kwa wingi wa watu, wanatakiwa kuinama kwa kina padri anapopiga goti baada ya mageuzo. Hili wengi hawalijui. Husimama tu wakitazama, na ilhali mwili wao pia umepewa la kufanya.

Tabernakulo ikiwa katika eneo la altare, padri, shemasi na wahudumu huipigia goti wanapofika mwanzoni mwa Misa na wanapoondoka mwishoni. Katikati ya Misa hawafanyi hivyo. Msomaji anayekwenda kwenye mimbari wakati Misa inaendelea huinamia altare, hata kama tabernakulo iko nyuma yake. Sababu ni kwamba wakati huo macho ya wote yanaelekezwa kwenye altare na tendo linalofanyika hapo. Anayebeba msalaba wa maandamano au mshumaa hapigi goti. Huinamisha kichwa tu. Ukijaribu kushuka na msalaba mrefu mikononi utajua kwa nini.

Mara mbili kwa mwaka watu wote hupiga goti katikati ya Nasadiki, sala ya kukiri imani, wanapofika maneno ya Mwana wa Mungu kutwaa mwili: sikukuu ya Noeli, na sherehe ya Kupashwa Habari Bwana, tarehe 25 Machi. Siku nyingine maneno hayo huinamiwa kwa kina. Kiongozi wa kwaya apunguze mwendo kidogo hapo. Wimbo ukikimbia, nusu ya kanisa itakuwa inashuka wakati nusu nyingine imeshainuka.

Mbele ya monstransi watu huuliza kama ni goti moja au mawili. Zamani yalikuwa mawili, na kuinamisha kichwa juu yake. Kitabu cha Komunyo Takatifu na Ibada ya Ekaristi Nje ya Misa, kilichotolewa mwaka 1973, kinasema goti moja, sawa na mbele ya tabernakulo, kwa kuwa Bwana aliyepo ni yule yule. Anayepiga yote mawili kwa uchaji asisukumwe. Ila wahudumu walio pamoja wafuate kitabu.

Siku Kuu Tatu za Pasaka

Hapa mazoea ya mwaka mzima hugeuka na watu huchanganyikiwa. Jioni ya Alhamisi Kuu, baada ya Misa ya Karamu ya Bwana, Ekaristi huhamishwa kwa maandamano hadi mahali palipoandaliwa. Kuanzia hapo tabernakulo ya kawaida ni tupu, na goti hupigwa kule Ekaristi ilikohamishiwa.

Ijumaa Kuu padri huingia kimya na kujilaza kifudifudi, au kupiga magoti. Katika Sala za Waamini za siku hiyo, desturi ya kale sana imebaki: shemasi anaweza kuwaalika watu wapige magoti, wote wanasali kimya, kisha anawaambia wasimame, ndipo padri asome sala. Baadaye Msalaba huonyeshwa, na kila mmoja huja kuuabudu kwa kupiga goti au kwa alama nyingine, kama kuubusu. Tangu hapo, ukipita mbele ya Msalaba huo ulioabudiwa, piga goti kama unavyofanya mbele ya Ekaristi. Hali hiyo hudumu Ijumaa usiku na Jumamosi mchana kutwa. Mkesha wa Pasaka ukianza, Msalaba unarudia heshima yake ya kawaida ya kuinamiwa.

Lilikotoka goti hili

Kupiga magoti katika sala ni kwa kale kuliko Kanisa. Solomoni alipomaliza sala ya kuliweka wakfu Hekalu, aliinuka kutoka magotini (1 Wafalme 8:54). Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yake yakielekea Yerusalemu. Wakati wa Eliya, Mungu aliwahesabu 7,000 waliobaki waaminifu kwa magoti yao: hawakumpigia Baali (1 Wafalme 19:18). Toka hapo goti ni jibu la swali la mtu ni wa nani.

Katika Isaya 45:23 Mungu anaapa kwa nafsi yake kwamba mbele zake kila goti litapigwa. Mtume Paulo akayachukua maneno hayo hayo na kuyaweka kwa jina la Yesu (Wafilipi 2:10). Huo ndio moyo wa jambo lote. Heshima ambayo nabii aliiweka kwa Mungu peke yake, Mtume anampa Yesu bila kupunguza chochote. Anayepiga goti mbele ya tabernakulo anakiri hilo hilo, na anaongeza kwamba Yesu huyo yupo hapo.

Wakristo wa kwanza walipiga magoti sana. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, amehifadhi masimulizi ya Hegesipo kwamba magoti ya Yakobo, ndugu wa Bwana, yalikuwa magumu kama ya ngamia kwa kuwaombea watu msamaha. Lakini goti la nyakati hizo lilikuwa zaidi la toba na maombi, na kwa sababu hiyo halikufaa Jumapili. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 3, anasema Wakristo huona si halali kupiga magoti siku ya Bwana, wala kati ya Pasaka na Pentekoste. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliamuru watu wasali wakiwa wamesimama siku hizo. Kusimama kulitangaza Ufufuko. Mtakatifu Basili alieleza kwamba kila tunaposhuka na kuinuka, mwili unasimulia habari yetu: tulianguka ardhini kwa dhambi, tukaitwa tena mbinguni kwa upendo wa Muumba. Kuinuka nako ni sehemu ya sala, basi kusifanywe kama mtu anayekurupuka.

Goti moja lina njia yake tofauti. Lilikuwa heshima ya mabaraza ya wafalme na mabwana wa Ulaya ya Zama za Kati. Kitabu kimoja cha adabu cha Uingereza cha karne ya 15 bado kinafundisha kwamba Mungu apigiwe magoti mawili na mwanadamu goti moja. Wakati huo huo, ibada kwa Ekaristi ilikuwa imekua. Mwanzoni mwa karne ya 13, huko Paris, padri alianza kuagizwa kuinua Hostia baada ya mageuzo ili watu waione na kuiabudu, na mwaka 1264 Papa Urbano IV aliiweka sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa zima. Padri mwenyewe kwa muda mrefu aliinama tu. Taratibu, katika karne za mwisho za Zama hizo, kuinama kukawa kupiga goti, na Misale ya Papa Pio V ya 1570 ikaliandika kama agizo. Heshima iliyokuwa ya mfalme wa dunia ikawa ya Mfalme aliye altareni, na baadaye Kanisa likaifungia huko.

Misale hiyo ilikuwa na magoti mengi zaidi ya matatu. Maagizo ya Mei 1967 yaliyapunguza, na Misale ya Papa Paulo VI, iliyotangazwa mwaka 1969, ikabaki na yale matatu. Kupungua kwa idadi hakukupunguza uzito: kila moja lililobaki limesimama mahali ambapo haliwezi kupita bila kuonekana.

Asiyeweza kushuka

Mzee, mgonjwa wa magoti au mgongo, mama mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji: hawa huinama kwa kina kuelekea tabernakulo, wakisimama palepale, na kuabudu kwao ni kamili. Ukiweza kushuka kwa kushika benchi, shika benchi kwa mkono wa kushoto, mbele kidogo ya mwili, si nyuma. Padri mzee anaweza kuweka viganja vyote viwili juu ya altare anaposhuka na anapoinuka. Aliye kwenye kiti cha magurudumu huinamisha kichwa na mabega. Mtu asijilazimishe mpaka aanguke, na walio karibu wasimkodolee macho.

Kufundisha watoto na wahudumu wa altare

Wafundishie ndani ya kanisa, mbele ya tabernakulo yenye Ekaristi, baada ya kuwaonyesha taa na kuwaambia aliyemo. Ukifundisha kwanza mguu na mwisho maana, mguu ndio watakaoukumbuka.

Unapoonyesha, wageuzie mgongo. Ukisimama ukitazamana nao, kulia kwako ni kushoto kwao, na nusu yao watapiga goti lisilo lenyewe. Watoto wadogo wawekee alama sakafuni: kipande cha utepe mahali pa unyayo wa kushoto, kingine nyuma yake mahali pa vidole vya kulia. Wafanye polepole, ukihesabu moja kwa kurudisha mguu, mbili kwa kushuka, tatu kwa kugusa, nne kwa kuinuka. Wakishazoea, acha kuhesabu kwa sauti na waachie tatu iwe ya sala yao.

Wahudumu wanaoshuka pamoja wasimame na nafasi ya kiwiko kati ya mmoja na mwingine, na wamfuate mmoja tu aliye katikati, bila kutazamana. Yeye ashuke polepole kuliko anavyotaka, maana aliye mwisho wa mstari humwona akiwa amechelewa kidogo. Ni vizuri wafanye mazoezi wakiwa wamevaa kanzu zao, kwa kuwa mhudumu aliyejifunza akiwa na suruali hukutana na shida ya vazi kwa mara ya kwanza siku ya sikukuu, mbele ya watu wote.